Vitundu Chini ya Mtumbwi wa Hamdani

Zaitun binti Ramadhani aliona matundu mengi maishani mwake kuliko mtu yeyote wa mtaa wa Kasingirima, na hakuna hata moja alilolidharau. Kazi yake ilikuwa kulala chali chini ya mitumbwi iliyopinduliwa na kutazama juu. Ukisikia hivyo utasema hiyo ni kazi ya wavivu. Majirani zake nao walisema hivyohivyo kwa miaka thelathini, naye aliwaacha waseme, maana mtu aliyelala chali hana haraka ya kujibu.

Mumewe, fundi Dadi, alikuwa mkalafati, mziba nyufa za vyombo. Mtumbwi wa mbao ukishachoka na ziwa hupandishwa mchangani pale Ujiji, wanaume ishirini wakaupindua na kuulaza kifudifudi juu ya magogo. Dadi hubaki nje na patasi yake butu, nyundo ya mti na furushi la pamba iliyochovywa mawese. Zaitun hutambaa ndani, akaziba pembeni kwa magunia mpaka pakawa usiku mtupu ilhali nje ni saa sita mchana. Hapo ndipo matundu hujitaja yenyewe. Palipooza msumari, panawaka nukta. Palipoachana mbao mbili, unawaka uzi. Zaitun akiona nukta huchomeka unyasi kutoka ndani, ncha ikatokeza nje, na Dadi akaifuata kwa pamba. Tundu likizibwa, nukta inazimika. Ikizimika ya mwisho, Zaitun huita, "Giza!" Mwenye chombo hujibu, "Alhamdulillahi," na siku hiyohiyo chombo kinasukumwa majini, kwa sababu mbao zikikaa juani hufunguka tena.

Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hao ni watu wa nchi kavu. Katikati ya Ziwa Tanganyika hakuna ukuta wa kujenga, na chini yako ni maji ambayo hata wavuvi wenyewe hawapendi kuulizwa yanaishia wapi.

Lakini mimi nawaambia ukweli, Zaitun hakuwa akiwaza hatari alipokuwa kule chini. Alikuwa akiota. Kila kitundu kilidondosha duara dogo la mwanga juu ya kanga yake, na maduara hayo yalitembea polepole kadiri jua lilivyotembea. Alipokuwa na mimba ya Nasra, binti yake wa pekee ambaye sasa ameolewa Gungu, yalipita juu ya tumbo lake moja baada ya jingine, na mtoto alipiga teke kila duara lilipofika kitovuni. Zaitun aliapa kwamba ni kweli. Harufu ya mawese, nyundo ya Dadi ikigonga ko, ko, ko, mawimbi yakilamba mchanga karibu na miguu yake, na yeye katikati ya hayo yote hayuko macho wala hajalala. Alipotoka nje jioni alikuwa na uso wa mtu aliyerudi kutoka safari njema.

Kisha, miaka miwili hivi kabla ya mambo ninayoyasimulia, nukta zilianza kupungua.

Mtumbwi ambao zamani ungekuwa na nukta hamsini, sasa ulikuwa na ishirini. Baadaye kumi. Zaitun alilala chini akitazama giza safi, laini kama maziwa ya mgando, na moyo wake ukajaa mapenzi kwa mumewe. Angefikiri nini kingine? Maisha yake yote giza lilikuwa na maana moja tu, kwamba kazi imefanyika vizuri.

"Baba Nasra," alimwambia siku moja wakirudi nyumbani, "mkono wako siku hizi umekuwa mtamu. Unapiga pamba mara moja, tundu linakufa."

Dadi alikuwa mtu wa maneno machache, lakini sifa za mke zilimpanda kichwani kama zinavyompanda kila mwanamume. Alianza kutembea kifua mbele. Akaanza hata kuwafundisha mafundi wenzake namna ya kushika patasi, nao wakamwitikia huku wakikonyezana.

Kulikuwa na mambo mengine, ila hakuna aliyeyaunganisha. Zaitun alimgombeza muuza dagaa wa Katonga kwamba dagaa wa siku hizi hawang'ai. Alibadilisha utambi wa kibatari mara tatu katika mwezi mmoja, akiulaani moshi. Na mitumbwi miwili aliyoiitia giza ilirudi na watu wakichota maji kwa masufuria. Dadi aliilaumu pamba. Alisema pamba ya sasa haina nyuzi.

Ukaingia mwaka wa tisini na sita, na vita vikawaka ng'ambo, upande wa Zaire. Kutoka Ujiji siku isiyo na ukungu unaiona milima ya ng'ambo, ya buluu, imetulia, na ilikuwa vigumu kuamini kwamba milima mizuri namna ile ingeweza kutapika watu. Walikuja kwa mitumbwi, kwa maboti, kwa chochote kinachoelea. Walikaa ufukweni na mafurushi yao wakisubiri magari ya kuwapeleka makambini. Hata redio siku hizo ilizungumzia matundu: matundu ya vyoo kambini hayatoshi, yanahitajika matundu mia nne. Zaitun alilisikia neno lake redioni akatikisa kichwa.

"Nilidhani ni langu peke yangu," alisema.

Mtumbwi wa Hamdani, mfanyabiashara wa Gungu mwenye mashine ya mkia, ile inayofungwa nyuma ya chombo, ulivuka mara tatu kuwachukua watu. Mara ya tatu uligonga mwamba ukiingia Ujiji, ukapandishwa mchangani na kupinduliwa. Siku chache baadaye, zamu ya mtumbwi huo ilipofika, Zaitun alipotambaa chini kuanza kazi, alimkuta mwanamke amelala humo.

"Mwakeye, mwanangu," alimsalimia kwa Kiha, halafu kwa Kiswahili, "Hujambo?"

Mwanamke hakuitika. Alikuwa na kiatu kimoja. Hamdani ndiye aliyemweleza Zaitun habari zake. Aliitwa Honorata, na kule ng'ambo, watu walipokuwa wakisukumana kupanda, mumewe Feliksi alimwinua yeye kwanza akamweka mtumbwini, ili ampe mtoto wao Elia, wa miaka mitatu. Alipogeuka kumchukua mtoto, wimbi likauvuta mtumbwi. Mikono ya Honorata ilibaki imenyooshwa mpaka ufukwe ukapotea.

"Watu waliokuja jana wamemwona huyo mwanamume," Hamdani alisema. "Yuko kwenye matete, mtoto mgongoni. Kila siku anashuka majini kutazama. Nimemwahidi huyu dada kwamba nikipata chombo nitarudi. Basi tangu nimwahidi hatoki hapo chini. Wa magari wamekuja kumchukua mara mbili, amekataa. Anasema akienda kambini, mumewe atamtafuta wapi?"

"Sasa risasi zimefika wapi huko?"

"Zinashuka, Mama Nasra. Siku tatu, nne. Zaidi ya hapo sijui kama nitamkuta mtu."

Zaitun akarudi chini, akajilaza kando ya Honorata, na kazi ikaanza. Siku ya kwanza alichomeka nyasi nyingi, maana mwamba ulikuwa umeacha mianya mikubwa ambayo hata mbuzi angeiona. Siku ya pili chache. Alimletea mgeni wake ugali wa muhogo na dagaa, naye alikula akiwa amegeukia mbao. Kimya kile kilimchosha Zaitun kuliko kazi, kwa hiyo akazungumza yeye, na alizungumza juu ya jambo alilolijua.

"Nasra wangu alipokuwa mdogo aliniuliza, 'Mama, tundu ni nini?' Nikamwambia, tundu ni mahali pasipo na kitu, na hapo pasipo na kitu ndipo penye kazi. Alicheka. Lakini we fikiri mwenyewe. Sindano bila tundu ni mwiba. Chungio bila vitundu ni bakuli, utachuja nini? Filimbi bila vitundu ni kijiti. Kifungo kinahitaji tundu, ufunguo unahitaji tundu, na jirani yangu mmoja, simtaji, anahitaji tundu la ufunguo zaidi ya ufunguo wenyewe. Hizi pua zetu je? Mwenye kuchukia matundu na aache kupumua tumwone. Ni mtumbwi tu usiotaka. Mtumbwi ni kitu chenye wivu, hautaki hata tundu moja."

Pumzi ya Honorata ilibadilika, na Zaitun alijua anasikilizwa. Akaendelea kumsimulia habari za maduara ya mwanga na teke la Nasra, hadi sauti yake mwenyewe ikamlaza usingizi.

Siku ya tatu, jua lilipokuwa utosini, Zaitun alitazama juu kwa muda mrefu. Hapakuwa na kitu. Lilikuwa giza zuri kuliko yote aliyowahi kuyaona, giza lisilo na doa kutoka omo ya mbele mpaka tezi ya nyuma, na aliliogelea kwa furaha. Alifikiri juu ya mtoto kwenye matete. Akajaza kifua hewa.

"Giza!"

"Alhamdulillahi!" Hamdani aliitikia nje, na papo hapo miguu ya wanaume ikasikika ikikimbilia magogo.

"Mama," sauti ikasema kando yake. "Kungali mwangaza."

Zaitun alishtuka, kwanza kwa furaha kwamba bubu amesema, kisha maneno yenyewe yakamfikia.

"Mwangaza wapi, mwanangu? Hapa pamezibwa pote."

"Iko. Hapa. Na hapa. Na kule mbele iko tatu pamoja."

"Wewe umechoka, umelia sana. Mtu akilia sana anaona vimulimuli." Zaitun alihisi hasira ikimpanda, na haikuwa ndogo. "Mimi nimeanza kulala chini ya mitumbwi mama yako hajajua kufunga kanga. Nikisema giza, ni giza."

Honorata hakubishana. Aliushika mkono wa mama huyo, akaunyoosha kidole chake cha shahada, akakipeleka juu mpaka kikagusa ubao. Ubao ulikuwa na utelezi wa mawese. Kisha kidole kikateleza kidogo, na kwenye ncha yake Zaitun akausikia upepo. Upepo mwembamba wa ziwa, wa baridi, ukipita. Alitoa kidole akakodoa macho pale pale. Hakuona kitu. Akakirudisha, upepo upo. Akapapasa unyasi, akauchomeka.

"Mama Nasra!" Dadi akaita nje. "Si umesema giza? Mbona unyasi unatoka?"

Jibu lilikuwa tayari ulimini. "Nilikuwa nakupima, Baba Nasra." Lingetosha. Dadi angecheka, angeziba tundu hilo moja, Hamdani angeondoka, na hakuna mtu ambaye angejua. Zaitun alilishika jibu hilo mdomoni. Na alipokuwa amelishika, mambo yote yakaja pamoja na kukaa mbele yake: dagaa wasiong'aa, moshi usio na moto, masufuria yakichota maji, na mumewe anayetembea kifua mbele. Giza lote lile alilolipenda kwa miaka miwili lilikuwa lake mwenyewe. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Hakuogopa upofu kwanza, aliogopa mitumbwi ile miwili.

"Ngapi?" alimuuliza Honorata kwa sauti ndogo. "Unaona ngapi?"

"Minaona kumi na moja, Mama."

Zaitun akatambaa nje. Jua lilimpiga usoni, naye alisimama akipepesa macho, mchanga umemganda mgongoni.

"Jamani, msiuguse mtumbwi huo," alisema. "Nimesema giza, na sivyo. Macho yangu yamekufa. Sikujua mpaka sasa hivi. Humo ndani mna matundu kumi na moja, na mimi sioni hata moja."

Hamdani alitazama jua, akatazama milima ya ng'ambo. Dadi alikuwa bado ameushika ule unyasi.

"Basi zile sifa zote," Dadi akasema mwishowe. "Ule mkono mtamu."

"Nilikuwa nasema nilichokiona, Baba Nasra."

"Hukuona kitu."

"Ndiyo. Sikuona kitu, nikakusifu."

Baadhi ya wanaume walitaka kucheka, wakamwona Dadi, wakaacha. Alisimama pale mzee wa watu, miaka miwili ya ufundi imemwagika miguuni pake. Kisha akachuchumaa, akachovya pamba kwenye mawese, akaikamua.

"Huyo dada ana macho?" aliuliza.

"Anayo."

"Basi achomeke."

Honorata akachomeka. Nyasi zikatokeza moja moja kwenye mgongo wa mtumbwi, tatu mbele, mbili ubavuni, moja karibu na tezi ambako Dadi alikuwa ameapa kwamba hakuna maji yanayoweza kupita, mpaka chombo cha Hamdani kikaonekana kimeota majani. Kumi na moja kamili. Dadi aliziba kila moja mara mbili, bila haraka na bila kiburi, na alasiri ikamkuta anapiga la mwisho. Kisha kutoka chini, kwa lafudhi ya ng'ambo, neno likaja.

"Giza."

Hamdani hakuitika. Alimgeukia Zaitun, kana kwamba chombo kilikuwa chake.

"Alhamdulillahi," akasema Zaitun.

Waliusukuma majini jioni hiyo na ukaondoka alfajiri.

Siku mbili zilizofuata Dadi na mkewe hawakuzungumza sana, na katika hayo machache mengi yalikuwa ya chumvi na kuni. Siku ya pili, akimmiminia maji ya kunawa, Dadi alisema, "Ni mtoto wa jicho. Nimeangalia wakati umelala. Una weupe kama wa samaki aliyepikwa. Nasra amesema kuna daktari, tutauliza." Kisha akaongeza, "Ile mitumbwi miwili, nimekwenda kuwaomba radhi wenyewe. Nimewaambia ni mimi. Na ni mimi kweli, maana mashimo ni yangu." Zaitun alimshika kiwiko, hakukiachia mpaka maji yakaisha kwenye kopo.

Siku ya tatu asubuhi walikuwa ufukweni wote watatu. Mbele ya Zaitun ziwa lilikuwa shuka jeupe lililotandikwa tu, halina mwanzo wala mwisho. Honorata alikuwa amesimama karibu naye.

"Iko kitu," alisema. "Iko mtumbwi. Ni ule."

"Unaona watu? Nihesabie, mwanangu."

"Iko Hamdani nyuma. Iko wamama wane. Iko mzee, anafunika kichwa na mfuko. Iko..."

Sauti ikakatika. Zaitun alisubiri. Alinyoosha mkono kumshika, mkono ukashika hewa. Kisha akasikia maji yakipigwa kwa miguu, mbio, na mtu akipiga kelele isiyokuwa neno la lugha yoyote.

"Baba Nasra! Kuna nini? Ameona nini?"

"Subiri kidogo," Dadi akasema.

"Niambie!"

"Nimekwambia subiri, Mama Nasra, nami sioni vizuri sasa hivi." Alipenga kamasi. "Yupo. Mwanamume yupo, amesimama mtumbwini, na mtoto kamweka mabegani. Amemfikia. Wameshikana, jamani, watamwangusha mtoto."

Watu walishuka. Kulikuwa na vilio na majina yakiitwa, na Hamdani akizima mashine. Baadaye, Zaitun akiwa ameketi mchangani, aliona kivuli kikimjia na kuchuchumaa.

"Mama," Honorata alisema, "huyu ni Elia."

Akamwekea mtoto mapajani. Alikuwa mwepesi kuliko inavyopasa mtoto wa miaka mitatu. Zaitun alimpapasa kichwa, akampapasa mbavu, akashuka kwa vidole vyake mpaka chini, akazishika nyayo. Mtoto huyo alikuwa amekaa sakafuni mwa mtumbwi ule siku nzima na usiku mzima, na nyayo zake zilikuwa kavu. Katikati ya vidole lilikuwa bado limeganda vumbi la ng'ambo.